Ukuta Uliozibwa Pumzi

6 Julai

Mke mwenzangu,

Uko hai? Mimi niko hai, ila magoti yametangulia. Anayeniandikia ni yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Unamjua, ndiye aliyekushonea sketi ya shule ikakubana mpaka ukawa unatembea kama bata. Anasema sketi haikubana, wewe ndiye uliyenenepa. Nimemwambia aandike ninayosema, ya kujitetea atayaandika kwenye barua yake. Simu sitaki. Sikio la kulia halisikii, la kushoto linachagua la kusikia, na wewe ukiwa kwenye simu unaitikia tu "ndiyo bibi, ndiyo bibi" huku unapigia watu kelele za mchanga. Barua huwezi kuiitikia "ndiyo bibi". Itakaa mezani inakukodolea macho mpaka uijibu.

Huku wazima. Baba yako mkubwa, Meneja wetu, mzima, bado anameneji kila kinachotikisika. Juzi alitaka kunipangia saa ya kunywa chai. Mkewe alikuwa na mafua, amepona. Kuku mweusi ametotoa saba, wamebaki sita. Wa saba simzungumzii, na paka wa jirani simzungumzii pia.

Sasa ukuta. Ule ukuta wa nyuma wa chumba changu, kwa nje, lipu yako imevimba. Pale usawa wa kiuno imetoa tumbo kama mwanamke wa miezi mitano. Ukiigonga inalia kopo, kopo. Kwa ndani rangi inabanduka magamba, na chini ya magamba kuna unga mweupe. Nimeuonja, ni chumvi. Fundi cherehani amekunja uso. Aukunje, ni wake.

Silalamiki, nakupa habari tu. Kitanda nimekivuta shubiri tatu kutoka ukutani na usingizi unakuja kama kawaida.

Ila Meneja ameingia na kiatu chake. Kaja na bwana mmoja mwenye mkoba, ndani ya mkoba kuna vipande vya bodi za plastiki, vya maziwa, vya kijivu, vya rangi ya ugoro. Anasema ukuta wa nje wote utavishwa hizo bodi, zitapigiliwa misumari, na hakuna atakayejua kilichoko nyuma. Mwisho wa Oktoba, kabla mvua kubwa haijaanza. Kama ukuta hautakuwa umetengenezwa kufikia hapo, anasema, basi mimi nifungashe nikakae kwake ghorofa ya nne na nyumba ifungwe. Nimemuuliza kuku nitawafugia kwenye sinki? Akacheka. Meneja akicheka ujue ameshaamua.

Wewe ndiye fundi. Babu yako hakumfundisha mwanawe hata mmoja kushika mwiko, akakufundisha wewe mjukuu wa kike na watu wakamcheka. Basi niambie wewe: auvishe au asiuvishe?

Na Jumatatu nilianguka kidogo uani nikiwa na ndoo. Usiniulize ndoo ilikuwa ya nini. Niliinuka mwenyewe.

Ni mimi, mke mkubwa.


29 Julai

Bibi yangu, mke mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kazini, nikaisomea juu ya jukwaa, ghorofa ya tisa, upepo unataka kuninyang'anya. Mimi sijambo. Nimehama chumba tena, hiki ni cha tatu mwaka huu. Kile cha kwanza kilikuwa na kelele, cha pili kilikuwa kimya mno. Kazi ipo nyingi. Sasa nasimamia mafundi wa lipu kumi na wanne, na wote wakubwa kwangu. Wananiita Mama Mwiko.

Msalimie fundi cherehani. Sketi ilibana.

Kuhusu ukuta, usijisumbue sana. Itakuwa ni mvua ya upande. Mwambie Baba Mkubwa atafute mtu akwangue magamba, nyufa azijaze simenti, halafu apake rangi ya mafuta mikono miwili, nje na ndani. Ufa ukiachwa unakuwa mkubwa, methali unaijua. Ukipakwa vizuri hata bodi hazitahitajika.

Ningekuja mwenyewe lakini ruhusa hakuna, jengo linakabidhiwa mwakani.

Ndoo ilikuwa ya nini?

Mjukuu wako, mke mdogo.


21 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara mbili, ya pili nikitafuta ulipojificha. Umeniandikia kama kibandiko cha kwenye kopo la rangi.

Nimefanya ulivyosema. Mpaka rangi amekuja, amekwangua, ameziba, amepaka mikono miwili. Kwa siku sita ukuta uling'aa, Meneja mwenyewe akajitazama humo akarekebisha kola. Siku ya saba ukatoa malengelenge. Nikachukua sindano ya huyu fundi nikatoboa moja. Likatoka chozi, likateremka mpaka sakafuni. Nikatoboa la pili, chozi. Ukuta unalia, mjukuu wangu, na mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano. Hiyo mvua ya upande imetoka upande gani?

Na usiniandikie tena ile methali ya ufa. Watu wote wa nyumba hii wamekua wakiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuziba. Tumeuziba na simenti, tumeupaka na mafuta, hakuna hata pa kupitisha sisimizi. Na ukuta unakwenda vilevile.

Nikwambie kilichonikera. Babu yako angeambiwa ukuta umevimba, angeuliza maswali mpaka umchoke. Unatoa jasho asubuhi au jioni? Maji yanapanda kutoka chini au yanashuka kutoka juu? Unanuka udongo au unanuka panya? Angekuja kuugonga kwa mpini wa mwiko, sikio limelala ukutani, mdomo wazi, kama daktari anayemsikiliza mtoto. Wewe amekufundisha vyote hivyo. Na hukuniuliza hata swali moja. Mtu asiyeuliza ni mtu anayejua.

Basi. Sijasema kitu.

Habari nyingine ni njema. Kuku sita ni wazima. Mimi nalala vizuri, chumbani kwangu, kitandani kwangu, wala usiwe na wasiwasi.

Ni mimi, mke mkubwa.

Dada, haya ya chini ni yangu mimi fundi cherehani, sikumsomea. Bibi halali chumbani. Kitanda kimekwenda katikati ya chumba, kikatoka, kikakaa ukumbini, na sasa kiko jikoni, pembeni ya jiko la mkaa. Anakohoa. Wiki iliyopita kwa ndani kilianguka kipande cha lipu kikubwa kama meza yangu ya cherehani, pale alipokuwa akiweka kichwa zamani. Alikifagia mwenyewe akakificha chini ya gunia ili Meneja asikione. Usimwambie kwamba nimekwambia.


7 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua imefika juzi na leo ndiyo nimepata pa kukaa.

Haya, nauliza. Tumbo la ukuta limeanzia wapi, juu ya msingi au palepale penye msingi? Ukibonyeza pale palipobanduka, tofali ni gumu au kidole kinaingia? Unanuka nini? Udongo uani umepanda kiasi gani? Lipu ya nje ikigongwa inalia kopo ukuta mzima au pale tumboni tu? Nijibu yote, moja baada ya jingine, na fundi cherehani ayaandike kama yalivyo.

Na bibi, tafadhali, usilale jikoni. Moshi wa mkaa ni mbaya, unakula kifua kimyakimya. Lala ukumbini, dirisha wazi.

Mke mdogo.


18 Septemba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nani kakwambia jikoni?

Nilimsimamisha huyu hapohapo kwenye neno jikoni. Akainamia karatasi kama ana mtoto humo. Nikamuuliza, "Umeandika nini chini ya barua yangu?"

Akasema, "Nimeandika kweli."

Nikamfukuza. Akafika mlangoni, akarudi, akaketi, kwa sababu kalamu ni yake na macho ya kusomea ni yake, na pia chai yake alikuwa hajamaliza. Akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia na mdomo wake utamuumbua yeye. Sasa tumenyamaziana, ila anaandika. Ukiona herufi zimelala upande, ujue amenuna.

Basi ni kweli. Kitanda kiko jikoni. Kitanda cha nyumba hii kimetembea mwaka huu kuliko mimi. Nikikiweka huku naamka nautazama ukuta, nikikiweka kule naamka nausikiliza. Jikoni angalau kuna kitu cha kukoroga. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka, nimekwenda kuushika ukuta huo mpaka kiganja kinanuka chumvi.

Majibu yako. Tumbo limeanzia mkono mmoja juu ya msingi. Tofali ukilibonyeza kidole kinaingia hadi kwenye kucha, kama mkate wa jana. Ukuta unanuka shimo. Udongo uani haujapanda. Kopo linalia ukuta mzima, kutoka pembe ya choo mpaka pembe ya banda la kuku.

Watu wa bodi wamekuja kupima. Vijana wawili na futi ya chuma, na Meneja nyuma yao amefunga mikono kama bwana harusi. Watarudi tarehe 27 Oktoba kupigilia. Wakasema pipa liondolewe, limewazibia njia. Lile pipa la bluu la babu yako, lililofukiwa nusu nyuma ya nyumba. Meneja akasema sawa, litatupwa, lina nini humo zaidi ya uchafu? Nikaenda nikachukua kigoda, nikakiweka juu ya mfuniko, nikakikalia. Wakanisubiri niinuke. Mimi nimezaa watoto watano, najua kusubiri. Jua lilipohamia usoni mwao wakaondoka.

Nawe siku unaondoka uliniambia nilitupe, ukasema vitu vya marehemu vinakuziba koo. Sikukujibu siku ile na leo sikujibu.

Mjukuu wangu, wewe una jambo. Liteme. Kinywa si ghala.

Ni mimi, mke mkubwa.


5 Oktoba

Mke mwenzangu,

Umekufa? Kama umekufa nitumie habari nianze kulia mapema, kwa sababu tarehe 27 nitakuwa na shughuli.

Kipande kingine kimeanguka, cha nje safari hii, kikubwa kama mlango. Kimeanguka chote kwa pamoja, kimeshikana, kizima kama ubao. Nyuma yake tofali linang'aa kwa maji. Kuku walikimbia wakapanda juu ya paa. Meneja amekiona. Amekuja na masanduku mawili matupu ya kufungashia, ameyaweka ukumbini. Nimeyatia maharagwe.

Fundi cherehani anakusalimu. Tumepatana.

Ni mimi.


Imeanzwa 24 Septemba, imemalizwa 6 Oktoba

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nne. Mara mbili niliichana, mara moja niliisahau makusudi kwenye mfuko wa ovaroli nikaifua. Nimehama chumba tena. Kila chumba ninachoingia, kabla sijaweka begi chini, naanza kugonga kuta. Mwenye nyumba wa mwisho aliniuliza kama natafuta hazina.

Nisome polepole, fundi cherehani, usiruke.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilipata kazi kwenye nyumba ya zamani. Matofali ya udongo kama ya kwetu, lipu ya chokaa kama ya babu. Ila mtu alikuja baadaye akaifunika yote kwa simenti na rangi ya mafuta. Nje ilikuwa safi, ngumu, inang'aa. Fundi mzee aliyekuwa akituongoza akachukua tindo na nyundo, akaibandua sehemu moja, akaniambia nitie kidole. Kidole kiliingia mpaka kwenye pete. Tofali limekuwa uji. Akasema maji ya ardhini yanapanda ukutani siku zote, hakuna wa kuyazuia. Chokaa huyaacha yatoke yaende na upepo. Simenti huyafungia ndani, yanazunguka yanatafuta njia, yasipoipata yanaula ukuta. Halafu akapangusa mikono, akasema, "Aliyefanya hivi aliichukia nyumba hii."

Nilikwenda bombani nikanawa mikono mara tatu.

Bibi, mimi sikuichukia. Wewe unajua. Babu alipozikwa, mvua ilinyesha siku ileile, nami nikaona maji yanateremka kwenye ukuta alioupiga kwa mkono wake, yanachukua chokaa kidogo kidogo, meupe, yanaingia mtaroni. Nikaona anaoshwa anakwisha. Nikasema kazi yake haitaguswa na mvua tena. Nikachanganya simenti kali kuliko inavyotakiwa, nikaufunika wote. Nilikuwa najivunia. Siku naondoka niligeuka nikautazama nikasema, huu sasa ni wa milele.

Miaka mitano nimejua. Kila mwaka ukiandika mvua imekuwa njema, mimi nilikuwa nahesabu. Ulipouliza Julai nikakwambia upake rangi, kwa sababu ukibanduliwa utaonekana, na ukionekana utajua ni mimi. Nimekuongezea kufuli juu ya kufuli. Kikohozi chako nimekileta mimi.

Ruhusa ipo. Ningeiomba ningepewa. Nilikudanganya.

Na sasa nimechelewa. Kazi yenyewe naijua: kubandua simenti yote, kuacha matofali yapumue, kubadilisha yaliyooza, kisha kupiga chokaa kwa mikono mitatu. Wiki tatu, nne, na mvua hiyo inakuja. Lakini chokaa ya kupiga ukuta wa namna ile si ya kununua leo ukaipaka kesho. Hulowekwa ikazeeka ndani ya maji, miezi mitatu kwa uchache, na babu alikuwa hata mwaka anasema bado mtoto. Hii ya mifuko ya dukani nimeijaribu, ukipitisha kiganja inakuwa unga. Nimezunguka huku kote nikiuliza mafundi wazee. Hakuna aliye nayo. Hakuna anayeloweka tena.

Bodi hazitasaidia. Bodi ni shuka juu ya mgonjwa. Zitaficha na ukuta utayeyuka nyuma yake mpaka siku utakapokaa chini.

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho sikutaka kukiomba. Nenda kwa Baba Mkubwa. Fungasha nguo zako kama alivyosema. Ghorofa ya nne kuna lifti, na jua linaingia. Ukuta uache uanguke, nitakuja kuuzoa.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, usimwambie fundi cherehani aandike.

Mjukuu wako.


13 Oktoba

Mke mwenzangu,

Marahaba, na ufute kamasi.

Huyu aliyenisomea amelia akalowesha karatasi, tumeianika juu ya cherehani. Mimi sikulia. Nilikwenda uani nikarudi, nikaenda nikarudi, kuku wakadhani nawaletea chakula wakanifuata safari zote.

Sasa nisikilize, maana nami nina langu, na nimelikalia miaka sita kama nilivyolikalia lile pipa.

Wiki ile ya mwisho babu yako alipokuwa hajiwezi, alinishika mkono akaniachia maneno mawili. La kwanza alisema, "Simenti isiuguse ukuta huu." Alikuwa akiniambia tangu ujana wetu, ukuta wa udongo ni kama mtu, unakunywa na lazima ukojoe. Chokaa inauacha ukojoe. Simenti inaufunga kibofu. Fundi cherehani anataka kuandika kwa adabu. Aandike hivyohivyo, marehemu alisema hivyohivyo.

Kwa hiyo nilijua. Kabla ya huyo mzee wako wa tindo, kabla hujapanda gari kwenda huko, mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama uani nakutazama unapaka simenti.

Lakini wewe hukumbuki ulivyokuwa. Tangu tumzike hukusema neno. Siku kumi na moja. Chakula nilikuwa nakuwekea, nakiondoa, nakuwekea, nakiondoa. Meneja alisema tukupeleke hospitali. Nywele ulikuwa huzichani. Siku ya kumi na mbili asubuhi nikasikia mwiko unakwangua sahani ya chuma, nikatoka mbio, nikakuta umepanda kwenye meza, umeanza pale juu kabisa. Na ukafungua mdomo. Ukaniambia, "Bibi, nisogezee ndoo."

Hilo ndilo lilikuwa neno lako la kwanza.

Ningesema nini? Shuka, acha, babu yako amekataza? Nilisimama pale na maneno ya marehemu mdomoni. Ukuta au mtoto. Nikakusogezea ndoo. Na jioni ile ulikula sahani mbili.

Ukuta ule nimeuua mimi, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu. Ungerudi leo ukanipa kuchagua tena, ningekusogezea ndoo tena. Basi usiniletee habari za mzee sijui alisema nani aliichukia nyumba. Hakuwepo. Mwambie aje kwangu nimkalishe.

Nilipaswa kukwambia ulipopata nafuu. Niliogopa utarudi kule kwenye kunyamaza. Ndiyo maana nikavuta kitanda, nikavuta, nikavuta. Wewe unakimbia vyumba huko, mimi nakimbia kitanda huku, wajinga wawili wa mume mmoja.

Sasa neno lake la pili. Alisema, "Pipa lisikauke."

Hakuniambia lina nini, au aliniambia nami nilikuwa nalia. Nikajua tu lisikauke. La kwanza lilinishinda, nikasema hili halinishindi. Kila Jumatatu nimefunua mfuniko nikamwagia ndoo ya maji, maji yakae juu, shubiri moja. Miaka sita. Kiangazi ndoo mbili. Ulipouliza ndoo ilikuwa ya nini, ndiyo hiyo. Nilipougua nilimlipa mtu kwa mayai aje amwage, na nikasimama dirishani kuhakikisha. Ulipoandika kwamba chokaa inazeeka ndani ya maji, fundi cherehani akasita akanitazama, mimi nikawa nimeshasimama.

Tumefunua pamoja. Chini ya maji ni nyeupe, mjukuu wangu, nyeupe inaumiza macho. Nikachovya mti. Umezama kama kwenye maziwa ya mgando, umetoka unang'aa, na kilichoshika hakidondoki. Imejaa mpaka shingoni. Nikachukua kiasi cha kijiko, nikachanganya na mchanga mara tatu kama nilivyokuwa nikimwona akifanya, nikakipaka kwenye tofali bovu, nikalifunika na kitambaa kibichi kivulini. Leo ni siku ya tatu. Fundi cherehani amepitisha kiganja. Hakikutoa unga.

Meneja nilimwita jana. Alikuja amejiandaa kunibeba. Nikampa mti achovye. Alichovya, akanusa, akakaa chini pale pale kwenye udongo na suruali yake ya kazini. Akasema akiwa mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa maji ya kulowekea, na siku moja alimwaga akapigwa. Kisha akasema watu wa bodi atawaambia wasubiri mpaka mvua ya kwanza ipite, wauone ukuta. Sijawahi kumsikia Meneja akiahirisha kitu. Ameondoka na masanduku yake, nimemrudishia bila maharagwe.

Kitanda bado kiko jikoni. Sitakihamisha mpaka wewe uugonge ukuta uniambie nilale hapa.

Tindo za babu yako ziko chini ya kabati, nimezipaka mafuta. Sijui kama nimesamehe, sijui hata ni nani wa kumsamehe mwenzake. Njoo ubandue simenti yako.

Ni mimi, mke mkubwa.


Jumatano, 22 Oktoba

Bibi,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye foleni ya tiketi, barua naikabidhi kwa dereva wa gari linalotangulia, itakufikia siku moja kabla yangu.

Pipa la babu nilidhani limekauka jiwe tangu alipokufa. Nimepewa wiki sita. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe. Nimebeba mwiko na begi moja tu.

Mwambie Baba Mkubwa atafute magunia matupu ishirini, tutayalowesha tuyatundike ukutani ili chokaa ikauke polepole. Banda la kuku lisogezwe. Fundi cherehani asipaguse pale palipoanguka, vumbi lake linaumiza mapafu.

Nitafika Jumapili. Na Jumatatu ndoo usiiguse, mke mkubwa. Ni zamu yangu.

Mke mdogo.